Kunawa Kabla na Kunawa Baada: Somo la Kumtunza Mzee Kitandani

Habari ya kunawa mikono twaijua sote. Tulifundishwa nyumbani kabla ya kwenda shule, tukafundishwa tena darasa la kwanza, na tulipoingia kidato cha kwanza tukaikuta inatungoja katika somo la Biolojia. Mtu aweza kusema kwamba mwandishi huyu amekosa la kuandika. Lakini jambo nitakalo kulieleza si kunawa au kutonawa. Ni hili: twanawa wakati gani, na kwa ajili ya nani?

Mtazame mtu amtunzaye mgonjwa. Akiisha kumvua mzee nguo zilizolowa, hana haja ya kukumbushwa kunawa. Kinyaa chake mwenyewe humkumbusha. Lakini mtu huyo huyo alipotoka shambani, au alipokuwa ameshika fedha na simu na kamba ya mbuzi, kisha akaingia chumbani akamgeuza mzee na kumfuta mdomo, je, alinawa? Mara nyingi hakunawa, maana hakuona uchafu wowote mikononi mwake. Kunawa baada hutulinda sisi. Kunawa kabla humlinda mgonjwa. Nasi tu wepesi wa kunawa baada, na wazito wa kunawa kabla.

Jambo hili latuhusu kuliko tudhanivyo, kwa kuwa katika nchi yetu wazee wengi hawatunzwi katika nyumba maalumu. Yako makazi ya wazee ya serikali, kama Fungafunga mjini Morogoro, Nunge huko Kigamboni na Kolandoto Shinyanga, na ndugu zetu wa Zanzibar wanayo ya Sebleni na Welezo. Lakini Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe yaiweka familia kuwa msingi wa matunzo ya mzee, na makazi hayo kuwa njia ya mwisho. Basi wauguzi wa wazee wa nchi hii ni mabinti, wakwe na wajukuu, watu ambao hawakupita katika chuo chochote cha uuguzi. Wala sisi wavulana tusijione tumesamehewa. Mzee mwanamume haoni vema kuogeshwa na binti yake, na heshima yataka aogeshwe na mwanamume mwenziwe. Ndivyo kazi hiyo ilivyonifikia mimi.

Babu yangu mzaa mama anakaa Mgeta, huko juu Uluguru. Barabara yake huachana na lami pale Sangasanga, si mbali na shule yetu, ikaanza kupanda. Aliyewahi kuipanda aijua baridi yake na bustani za kabeji na karoti zilizokatwa ngazi ngazi mlimani. Mwaka jana babu alipatwa na kiharusi, akapooza mkono na mguu wa kulia. Alilazwa hospitali, kisha akarudishwa nyumbani akiwa na mpira wa mkojo. Mama mdogo ndiye aliyemtunza siku zote, na majirani walisaidia kwa zamu, kama ilivyo desturi.

Nilipofika likizo ya Juni nilisimuliwa yaliyotokea mwezi wa Mei. Babu alianza kuweweseka. Mzee ambaye kiharusi hakikumgusa akili hata kidogo, aliyekuwa akijua deni la kila mtu aliyemkopesha mbegu, sasa alimwita mama mdogo kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Alikataa uji. Homa hakuwa nayo. Wengine walisema ni uzee tu, wengine wakasema mambo ambayo hayafai kuandikwa katika gazeti la shule. Kwa bahati njema akaitwa muuguzi mmoja ambaye ni jirani. Yeye hakumtazama babu usoni kwanza. Aliinama akautazama mfuko wa mkojo. Mkojo ulikuwa umebadilika rangi, una ukungu na harufu kali. Akasema, “Huyu ana maambukizo. Apelekwe leo, si kesho.” Alipelekwa, akapewa dawa, na baada ya siku chache akili zikarejea, akauliza tena habari za madeni yake.

Hapa nataka nikae kidogo, maana hili sikulisoma katika kitabu chetu na nadhani wazazi wengi hawalijui. Kijana akiingiwa na vijidudu, mwili wake hupigana kwa kelele: homa, kutetemeka, kichwa kuuma. Mwili wa mzee waweza kupigana kimya. Homa huenda isije, au ije kidogo sana, na dalili ya kwanza ikawa ni kuchanganyikiwa kwa ghafula, au kulala mno, au kukataa chakula. Neno “ghafula” ndilo la kulishika. Usahaulifu wa uzee huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa mzima wa akili Jumatatu na Jumatano hajui alipo, huyo ni mgonjwa, na yafaa apelekwe kwa mganga. Zaidi ya hayo ngozi ya mzee ni nyembamba kama ganda la kitunguu na huchubuka upesi. Kikohozi chake ni hafifu, hakitoi makohozi vema. Na mpira wa mkojo ni kama mlango uliowekewa jiwe usifungike. Vijidudu havihitaji kuvunja ukuta, mradi vipate mkono wa kuvifikisha mlangoni.

Baada ya babu kupona, yule muuguzi aliwakalisha watu wote wa nyumba ile barazani, akauliza swali moja tu: “Mkono ulioshika mpira huu, kabla yake ulishika nini?” Wakaanza kuhesabu. Ulishika jembe. Ulishika mtoto mwenye mafua. Ulimwaga mkojo wa mgonjwa mwingine nyumba ya jirani. Kila mmoja aliapa kuwa hunawa, na kweli walinawa, lakini wakati wa kutoka.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 unaowataka wauguzi kunawa katika nyakati tano. Wanawe kabla ya kumgusa mgonjwa. Na wanawe tena kabla ya kazi itakayo usafi mkubwa, kama kushika kidonda au mpira. Kisha wanawe baada ya kugusa damu, mkojo au kinyesi, baada ya kumaliza na mgonjwa, na hata baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka tu, kama kitanda na shuka. Mbili za kwanza ni za kumkinga mgonjwa. Tatu za mwisho ni za kumkinga mtunzaji na watu atakaokutana nao. Nyumbani mimi huongeza wakati mmoja kati ya zile za kwanza: kabla ya kumlisha, maana chakula cha mgonjwa hupita mkononi mwako kabla ya kufika kinywani mwake.

Zile tatu za mwisho nazo si za kupuuzwa. Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa mkoani Kagera, katika waliofariki alikuwamo mhudumu wa afya. Lakini hofu ya kufa hujifundisha yenyewe. Kunawa kabla hakuna hofu ya kukufundisha, na ndiyo maana hata madaktari walichelewa kukujua.

Kisa chao ni hiki. Katika hospitali kuu ya Vienna, nchi ya Austria, palikuwa na wadi mbili za wazazi. Moja ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, nyingine na wakunga. Katika wadi ya madaktari wanawake walikufa kwa homa ya uzazi kwa wingi mno kuliko kwa wakunga, hata wengine waliomba kwa machozi wasipelekwe huko. Daktari Ignaz Semmelweis alitafuta sababu bila mafanikio, mpaka Machi 1847 mwenzake mmoja alipokatwa kidogo kwa kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa ugonjwa uliofanana na ule wa wale akina mama. Ndipo akaona: madaktari walitoka chumba cha maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Madaktari walinawa kwa sabuni, lakini harufu ya maiti haikutoka mikononi. Katikati ya mwezi wa Mei akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kumgusa mzazi. Mwezi wa Aprili wazazi zaidi ya 18 katika kila 100 walikuwa wamekufa. Mwezi wa Juni walikufa kama 2 tu. Nani asingefurahi? Lakini wakubwa wengi walikasirika. Waliona wameambiwa kwamba mikono ya daktari ni michafu, nao hawakuona uchafu. Semmelweis alikufa mwaka 1865 kabla wengi hawajamwamini.

Hawakuona uchafu. Maneno hayo yalitutia hamu, mimi na wenzangu watatu wa bwenini, tukafanya jaribio ambalo msomaji aweza kulifanya jioni ya leo. Tulipaka viganja kwa mafuta ya kula kidogo, tukanyunyiza unga wa mkaa uliosagwa, tukasugua mpaka mikono ikawa myeusi. Wa kwanza alinawa kwa maji matupu: weusi haukuondoka, ulitapakaa tu. Wa pili alinawa kwa sabuni kama tunavyonawa tukikimbilia chakula, sekunde tano hivi. Viganja vyake vilitakata, naye akatuonyesha kwa majivuno. Tukamwambia ageuze mikono. Dole gumba lilikuwa bado jeusi pande zote, na ncha za vidole, na kucha, na katikati ya vidole. Sasa fikirini, tunapomshika mgonjwa twatumia nini? Ni dole gumba na ncha za vidole! Wa tatu alihesabu polepole mpaka 40 huku akisugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, kila dole gumba peke yake, na ncha za vidole ndani ya kiganja. Alitakata, isipokuwa chini ya kucha ambazo alikuwa hajakata. Mwongozo wasema kazi yote, tangu kulowesha mpaka kukausha, ichukue sekunde 40 hadi 60.

Sabuni hufanya hivyo kwa sababu kila chembe yake ina ncha mbili, moja hupenda maji na nyingine hupenda mafuta. Ile ya mafuta hushika uchafu, ile ya maji huvutwa na maji yatiririkayo, vyote vikaondoka pamoja. Kwa hiyo maji yasipotiririka kazi haijakwisha. Beseni moja la maji ambalo watu sita huchovya mikono kwa zamu, wa sita ananawa uchafu wa watano. Wazee wetu walikuwa na adabu bora kuliko hiyo: mtoto mdogo hushika jagi akammiminia kila mtu maji juu ya beseni. Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipotangazwa Dar es Salaam, wizara ilihimiza kunawa mikono kwa maji tiririka na sabuni, na maji tiririka ni yale yale ya jagi la bibi. Vitakasa mikono tulivyovizoea tangu mwaka 2020 vyafaa pale ambapo mikono haionekani kuwa na uchafu na maji yako mbali. Lakini mgonjwa akiharisha, tumia maji na sabuni, kwa kuwa baadhi ya vijidudu vya kuhara haviogopi spiriti.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Kumwogesha mzee kitandani kuna utaratibu wake, nao ni kutoka pasafi kwenda pachafu. Macho na uso kwanza, kisha mikono, kifua, mgongo, miguu, na sehemu za siri mwisho, kwa kitambaa kingine na maji mengine. Anayeanza chini akaenda juu anapandisha vijidudu, hata maji yakiwa ya moto kiasi gani. Mpira wa mkojo hufutwa kwa sabuni na maji kuanzia pale unapoingia mwilini kwenda nje, usirudishe kitambaa nyuma. Mfuko wake ukae chini kuliko kibofu, ili mkojo usirudi, lakini usiguse sakafu. Mdomo usafishwe mara mbili kwa siku hata kama mzee amebaki na meno manne, maana vijidudu vya mdomoni vikishuka mapafuni huleta nimonia. Ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, ili asipate vidonda vya kulalia upande mmoja. Shuka lililochafuka likunjwe kwa ndani, libebwe mbali na kifua, wala lisikung'utwe chumbani. Mimi nilikuwa napenda sana kukung'uta.

Kama kuna damu au kinyesi, kitambaa kilowekwe kwanza katika maji ya klorini, ile iitwayo jiki. Hapa walimu wetu wa Kemia watafurahi. Chupa iliyo ya kawaida madukani ina nguvu ya asilimia 3.5, nasi twataka asilimia 0.5. Gawa 3.5 kwa 0.5, wapata 7. Basi kikombe kimoja cha jiki hapana budi kiwe vikombe 7 kwa jumla, yaani kimoja cha jiki na 6 vya maji. Loweka dakika 10, kisha ufue kwa sabuni na kuanika juani. Soma kibandiko kabla ya kuhesabu, kwa kuwa nguvu za chupa hutofautiana. Changanya upya kila siku, usichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia choo, wala usinawie mikono maji hayo, yatakuchubua. Ni klorini hiyo hiyo ya Vienna, ila sasa mikono yetu ina sabuni.

Kuhusu glavu, zifae kwa kinyesi, damu na vidonda. Zamani waliozikosa walivaa mifuko ya rambo, nayo ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019. Lakini glavu ina hila yake: aliyeivaa hujiona salama, akamfuta mgonjwa, akafungua mlango, akachota maji, akashika simu, yote kwa glavu ile ile. Yeye yu safi ndani ya glavu na nyumba yote imechafuka. Glavu ni ya kazi moja na mtu mmoja, na mikono hunawiwa kabla ya kuivaa na baada ya kuivua.

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu kuliko klorini. Katika siku za kwanza babu aliudhika sana. Aliona kila amgusaye hutoka akanawa, naye akili zilikuwa zimesharejea. Siku moja alimwambia mama mdogo, “Nimekuwa kaburi mimi? Mkitoka kwangu mwanawa kama watu waliotoka maziko.” Mama mdogo alilia. Na kweli alikuwa na haki ya kuudhika: kwetu watu wakitoka makaburini hunawa, na mgonjwa aliyelala hana kazi ila kutazama na kufikiri. Naamini wazee wengi wanafikiri hivyo bila kusema, na watunzaji wengi huacha kunawa kwa kuona haya, wakidhani wanaheshimu.

Muuguzi hakutuambia tufiche. Alituambia tunawe mbele yake, tunapoingia, na tumwambie ni kwa nini. Basi asubuhi ya kwanza nilipokwenda kumwogesha, nilimwita binamu yangu mdogo ashike jagi pale pale mlangoni, nikanawa polepole babu akinitazama. Nikasema, “Shikamoo babu. Nimetoka bandani kwa mbuzi, sitaki kukushika na mikono ya mbuzi.” Akaitikia marahaba, akanyamaza kitambo, akauliza, “Unanawa kabla?” Nikamjibu, ndiyo, kabla. Akacheka kwa upande ule mmoja wa uso unaocheka. “Kabla hunawa mtu anayekwenda kula. Haya, mume mwenzangu, leo mimi ni ugali.” (Wasiojua utani wa babu na mjukuu wasishangae, yeye humwita bibi mke wetu.) Tangu siku ile hakuna aliyenawa baada akamkasirisha, kwa kuwa alikwisha kumwona akinawa kabla. Wageni nao walikuja, na desturi ya Mgeta ni kumshika mzee mkono kwa mikono miwili. Hatukuwakataza, tuliweka jagi mlangoni na binamu akawa anawamiminia kabla hawajapita, kama watu walioalikwa chakula.

Jagi lataka mtu wa kulishika, na watoto huenda shule. Kwa hiyo nje ya mlango tulitengeneza kibuyu chirizi: dumu la lita tano lililotobolewa kwa msumari wa moto, likaning'inizwa juu ya mti mlalo kwa kamba, na kamba nyingine kutoka shingoni mwa dumu mpaka kwenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Ukikanyaga, dumu huinama na maji hutoka. Mkono haushiki kitu chochote. Chini tuliweka kokoto ili pasiwe tope. Sabuni ya mche tuliikata vipande vinne, kila kipande tukakitoboa tundu na kukitungia kamba. Kipande cha kwanza kilichukuliwa na kunguru siku ya pili. Cha pili tulikitia ndani ya kipande cha wavu wa vitunguu tukakifunga mafundo mawili, na mpaka narudi shule kilikuwa bado kinaning'inia.